Vitufe vya tableti ya kuchorea vinapogoma kwenye Krita: tuvitengeneze, au tuhamie kibodi na padi ya namba?

kalamu_kigamboni

Wadau, habari za saa hizi. Nimeona swali la vitufe linaletwa hapa kila mara kwa vipande vipande, mtu anaambiwa "sakinisha draiva upya", yaani ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na tableti, na mada inaishia hapo. Leo naomba tulinganishe njia zote, mwenye uzoefu aseme ipi inamfaa na kwa kazi gani.

Hali yangu ni hii. Windows 11, programu ya kuchorea ya Krita 5.2, tableti ya bei ya kati yenye vitufe sita ubavuni. Kalamu haina shida, mkandamizo uko safi, mstari unanenepa na kukonda ninavyotaka. Kitufe cha kurudi nyuma, Ctrl+Z, kinakubali. Cha E kwa kifutio nacho kinakubali. Ila kile nilichokipa Space ili nisogeze turubai (uwanja wa kuchorea), nikikishikilia, mshale unageuka mkono kwa kufumba na kufumbua kisha unarudi kuwa brashi, na nikivuta kalamu naambulia mstari mrefu juu ya uso wa mhusika. Kile cha [ cha kupunguza ukubwa wa brashi hakifanyi chochote.

Nachora vitabu vya picha vya watoto. Kazi hiyo ni kusogeza, kukuza, kuzungusha na kufuta siku nzima, kwa hiyo mkono wa kushoto usipokuwa na pa kushika, kila ukurasa unachelewa. Njia ninazoziona ni kuhangaika na draiva mpaka ikubali, kubadilisha mikato (vitufe vya njia ya mkato) ndani ya Krita ifuate tableti, kuweka kibodi kando ya tableti na kuvisahau vitufe, au kununua padi ndogo ya namba ya USB. Nyinyi mmekaa wapi?

fundi_wa_pikseli

Mkuu, kabla hujachagua njia, jua kwanza ishara inakatikia wapi. Kitufe cha tableti hakiongei na Krita. Kinaongea na draiva, draiva inaigiza kibodi, Windows inapeleka herufi kwenye dirisha lililo mbele, na Krita inaipokea kama vile umebonyeza kibodi ya kawaida. Ikikatika popote hapo katikati, wewe unaona tu kwamba kitufe kimekufa.

Fanya jaribio hili. Nenda kwenye draiva, kipe kitufe kimoja Shift. Fungua Notepad, shikilia kitufe hicho kwa kidole, halafu bonyeza herufi a kwenye kibodi. Ikitoka A kubwa, draiva inajua kushikilia. Ikitoka a ndogo, draiva yako inabonyeza na kuachia papo hapo hata kama kidole bado kiko juu ya kitufe, na hapo Space haitasogeza turubai hata usakinishe Krita upya. Angalia kama draiva ina aina mbili za kazi. Nyingi zinatofautisha kitufe cha kubonyezwa na kitufe cha kushikiliwa, na hicho cha pili ndicho unachokitaka kwa Space, Shift na Ctrl.

Kuhusu [, ijaribu Notepad vilevile. Ikiandikwa Notepad na Krita ikakaa kimya, tatizo liko Krita. Nenda Settings, kisha Configure Krita, kisha Keyboard Shortcuts, andika jina la kazi yenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia, uone imepewa kitufe gani, na kama kuna kazi nyingine imepewa kitufe hichohicho. Kazi mbili zikigombania kitufe kimoja, zote mbili zinaweza kunyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawaliwazii. Ukiifungua Krita kwa haki za msimamizi na draiva ikawa inaendeshwa kwa haki za kawaida, Windows huzuia programu ya chini kuibonyezea vitufe programu ya juu. Hiyo ni kinga ya mfumo. Kalamu inaendelea kuchora kama kawaida, vitufe tu ndivyo vinavyokufa. Fungua Krita kwa njia ya kawaida.

dogo_wa_brashi

Kaka, mimi nilisikia ni kubadilisha tu kutoka WinTab kwenda Windows Ink (njia mbili za Windows kupokea kalamu) kwenye mipangilio ya tableti ndani ya Krita. Jaribu hiyo kwanza, ni rahisi.

fundi_wa_pikseli

Hapana ndugu yangu. Chaguo hilo linahusu kalamu: mkandamizo, mahali ncha ilipo, na pengine vitufe vya kwenye kalamu yenyewe. Vitufe vya ubavuni vinapita njia ya kibodi na havigusani nalo. Akibadilisha bila sababu anaweza kuharibu mkandamizo ambao sasa hivi uko sawa.

binti_wa_pindo

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Mimi nasanifu kanga, niko Mombasa, na ni mtu wa padi ya namba kwa moyo wote.

Krita ikiwa na mikato yake ya kawaida, namba zina kazi tayari. 1 inarudisha picha kwenye asilimia 100, 2 inaingiza ukurasa mzima ndani ya dirisha, 4 inazungusha turubai kushoto, 6 kulia, 5 inalinyoosha. Sasa angalia zilivyopangwa kwenye padi: 4, 5 na 6 ziko mstari mmoja. Kidole cha kati kinakaa juu ya 5, ambayo ina kinundu chake, na huhitaji kuangalia chini. Hapo hujabadilisha chochote, umechomeka waya tu. Nami 7, 8 na 9 nimezipa kazi zangu kulekule kwenye Keyboard Shortcuts.

Kwa kanga hili lina maana kubwa. Mji wa kanga ukiwa na ua linalojirudia, nawasha hali ya kujirudia kwa W, kinachotoka upande wa kulia kinaingia kushoto, na naona maungio palepale. Nikienda kwenye pindo naizima. Nawasha na kuzima hivyo mara nyingi sana, kwa hiyo W imehamia kwenye 9. Tableti yangu ina vitufe vinne tu, na nikivigawa kati ya kurudi nyuma, kifutio na ukubwa wa brashi, vimekwisha.

Kasoro ya padi niiseme pia. Haina Ctrl, Shift wala Space. Kwa hiyo kazi za kushikilia haikusaidii mpaka uongeze programu ya kubadilisha kazi za vitufe kama AutoHotkey. Na NumLock ikizimika kwa bahati mbaya, namba zinageuka mishale na unaanza kudhani kompyuta imeharibika.

rangi_za_buja

Salamu kutoka Bujumbura. Huku kwetu laptopu nyingi zina kibodi ya Kifaransa, AZERTY, na ndugu zetu wa Lubumbashi na Goma wataelewa ninachosema.

Kwenye AZERTY, Z na W zimebadilishana nafasi ukilinganisha na kibodi ya Kiingereza. Kuna tableti na draiva zinazotuma nafasi ya kitufe kwenye kibodi, si herufi yenyewe. Basi unabonyeza kitufe cha kurudi nyuma ukitarajia Ctrl+Z, na Krita inapokea Ctrl+W, yaani funga faili. Unaona kisanduku kinakuuliza kama unataka kuhifadhi, na hujui kimetoka wapi. Ukibonyeza kwa haraka jibu lisilo sahihi, kazi imepotea.

Na [ ndiyo ngumu zaidi: kwenye AZERTY huipati bila kushikilia AltGr, na si kila draiva inaweza kuituma vizuri. Nimeona suluhisho mbili zinazofanya kazi. Ama uongeze kibodi ya Kimarekani kwenye Windows na kuibadilisha unapokaa kuchora, kwa kitufe cha Windows pamoja na Space. Ama uupe ukubwa wa brashi herufi zisizohama kati ya kibodi hizi mbili. Mimi nimechagua ya pili, maana nikichora naandika pia maneno ya katuni kwa Kifaransa na Kirundi na sitaki kubadilisha kibodi kila saa.

linux_wa_tanga

Kwa wa Linux, jueni kama mko X11 au Wayland (mifumo miwili ya kuonyesha madirisha) kabla ya kufuata maelekezo yoyote ya mtandaoni. Kwenye X11, `xsetwacom --list devices` inakupa majina ya vifaa, unachukua lile lenye neno pad mwishoni, unaandika:

`xsetwacom set "jina la kifaa" Button 1 "key +ctrl z -ctrl"`

Alama ya kujumlisha ni kushika, ya kutoa ni kuachia. Angalia namba: 4 mpaka 7 ni za gurudumu la kipanya, kwa hiyo kitufe cha nne cha tableti mara nyingi ni Button 8. Wengi wanaandika Button 4, wanaona kimya, wanakata tamaa. Kwenye Wayland amri hiyo haifanyi kazi, nendeni kwenye mipangilio ya tableti ya GNOME au KDE, yaani mazingira ya eneo-kazi mnayotumia.

mkono_kushoto

Sisi wa mkono wa kushoto tunaigeuza tableti kichwa chini ili vitufe vikae kulia. Hakikisheni mmeiambia draiva kwamba tableti imegeuzwa. Na hata baada ya hapo, angalieni mpangilio wa vitufe kimoja kimoja, kwa sababu cha juu kimekuwa cha chini.

mchora_simu_mwanza

Jamani na sisi tunaochomeka tableti kwenye simu ya Android? Kalamu inachora, vitufe kimya kabisa.

fundi_wa_pikseli

Dada au kaka wa Mwanza, tableti nyingi hazitoi vitufe vya ubavuni zikiwa kwenye simu, kalamu tu ndiyo inayofanya kazi. Soma maelezo ya modeli yako kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatumia hela kununua waya mwingine. Kwenye simu, kibodi ndogo ya Bluetooth ndiyo njia ninayoipendekeza, kama programu unayochorea inapokea mikato ya kibodi.

kalamu_kigamboni

Asanteni sana, nimefanya jaribio la Shift. Imetoka a ndogo. Draiva yangu haina aina ya kushikilia, nimepekua kila ukurasa wake. Na [ imeandikwa vizuri Notepad. Kule Krita nimekuta kazi mbili zinaigombania, moja imeingia na mpango wa mikato niliopewa na rafiki. Nimeiondoa ile ya pili, brashi sasa inapungua.

Kwa hiyo nimegawa kazi. Vitufe vya ubavuni nimeviachia vya kubonyeza mara moja peke yake: kurudi nyuma, kwenda mbele, kifutio, [ na ], na cha mwisho P cha kuchukua rangi, maana ile ya kushikilia Ctrl hainifai. Kusogeza turubai nimekuhamishia kwenye kalamu. Kitufe chake cha chini nimekipa kubofya kwa kati, na Krita inasogeza turubai ukishika hicho na kuvuta. Hicho kinashikilia vizuri. Cha juu ni kubofya kulia, kinaleta lile duara la brashi na rangi palepale ncha ilipo. Ukurasa wa leo nimeumaliza bila kugusa kibodi isipokuwa kuandika majina ya leya (matabaka ya picha).

Padi ya namba bado naitamani kwa ajili ya 4, 5, 6. Binti wa pindo, ukihamia kompyuta nyingine unaanza upya kupanga mikato yote?

binti_wa_pindo

Hapana kaka. Kulekule kwenye Keyboard Shortcuts kuna sehemu ya kuhifadhi mikato yako kama faili. Ihifadhi, iweke kwenye fleshi, ukifika kompyuta nyingine unaipakia. Ila inabeba mikato ya Krita tu. Uliyoyapanga kwenye draiva hayamo humo, hayo yahifadhi kando kama draiva yako inaruhusu, au yapige picha kwa simu.

Na jambo dogo kuhusu majina ya leya uliyoyataja. Ukimaliza kuandika jina, bonyeza Enter kisha gusa turubai kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha mkato. Kisanduku cha maandishi kikiwa bado wazi, kile kitufe chako cha kifutio kitaandika herufi e kwenye jina la leya.