Msichana anarusha vizuri, baba yake anauliza: softiboli itamlisha?

Ticha_Isevya (Tabora)

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja hapa Tabora mjini. Kuna mzazi ameniuliza swali na sitaki kumjibu kwa kubahatisha.

Tuna timu ndogo ya wasichana ya softiboli, ule mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli. Vifaa vyenyewe ni vya kuungaunga: magongo alituchongea fundi seremala wa Ng'ambo kwa mninga, besi ni mifuko ya salfeti iliyojazwa mchanga, mipira halisi ni michache na inalala kabatini kwangu. Katika timu hiyo yumo binti wa kidato cha tatu ambaye mkono wake aliupatia kwenye rede. Wenzake aliosoma nao msingi wanasema akiwa mrushaji, wa katikati hakuwahi kumaliza kujaza chupa yake mchanga. Nilipomwonyesha mrusho wa softiboli, mkono unazunguka duara zima kando ya mwili na mpira unaachiwa chini pajani, aliushika upesi mno. Sasa mdakaji wake anavaa soksi mbili ndani ya glavu, kiganja kinawaka.

Baba yake anauza asali sokoni. Alikuja shuleni kwa heshima zote akasema: "Mwalimu, mtoto anafika nyumbani jua limezama. Huu mpira utamlisha, au nimpeleke kwa shangazi yake akajifunze cherehani?"

Nimesikia kwamba Marekani kuna wanawake waliorusha mpira wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu, kisha wakawa makocha wa vyuo hivyohivyo na wakaishi kwa kazi hiyo hadi kustaafu. Maisha yao yanaendaje hasa? Na kuna kitu gani humo ambacho naweza kumweleza mzee huyu bila kumpa ndoto za uongo?

Baba_Wawili (Tabora)

Pole na kazi Mwalimu. Mimi namuunga mkono mzazi. Binti akiwa na mkono mzuri, mpeleke netiboli au mpira wa mikono. Huko kuna timu za majeshi, na wapo mabinti waliopata ajira kupitia uwanjani. Softiboli hapa kwetu ataicheza na nani akimaliza shule? Sisemi mchezo ni mbaya, nasema mtoto wa mtu anakua na miaka haimsubiri.

Mrushaji_wa_Mwanga (Kigoma)

Mwalimu, shikamoo kama umenizidi umri. Niko Mwanga, Kigoma, nafundisha shule ya msingi. Nilirusha softiboli nikiwa sekondari Dar es Salaam. Aliyenifundisha alikuwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani. Tangu hapo nawafuatilia warushaji kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Hili swali lako ni langu.

Nianze na Margie Wright, maana yeye ndiye jibu la baba huyo kuliko mastaa wa Olimpiki. Alikuwa mrushaji wa Chuo Kikuu cha Illinois State mwanzoni mwa miaka ya 1970. Angalia wakati huo: sheria ya Marekani iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, wanaiita Title IX, ilipitishwa mwaka 1972. Kabla yake michezo ya wasichana vyuoni ilikuwa kama huo mpira wako wa salfeti, mnaunga wenyewe. Wright baadaye akawa kocha wa chuo chake kilekile, na mwaka 1986 akahamia Fresno State, California. Akakaa pale hadi 2012.

Sasa sikiliza kilichompata. Mwaka 1988 timu yake ikafika fainali ya vyuo vikuu, ikafungwa na UCLA, yaani Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles. Mwaka 1989 fainali tena, UCLA tena, ikafungwa. Mwaka 1990 fainali, UCLA, ikafungwa. Miaka mitatu mfululizo, mpinzani yuleyule. Chuo hakikumtimua, naye hakuondoka. Kombe alikuja kulichukua mwaka 1998, Fresno State 1, Arizona 0. Alipostaafu alikuwa na ushindi 1,457, na wakati huo hakuna kocha wa softiboli wa daraja la kwanza la vyuo aliyekuwa ameshinda mechi nyingi kuliko yeye. Mkono wake wa kurusha ulifanya kazi miaka michache tu. Miaka mingine yote, zaidi ya thelathini, alilipwa kwa kujua kwa nini mpira wa mtu mwingine umekwenda nje.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na Mwalimu naomba umweleze mzee hivi: kocha wa chuo kule ni mwajiriwa, mwenye ofisi na mkataba. Mazoezi ni sehemu tu ya siku yake. Anazunguka kutafuta wachezaji wa sekondari, anagawa fedha za ufadhili, anafuatilia alama za darasani maana mwanafunzi akishuka haruhusiwi kucheza, anaangalia video za wapinzani usiku. Na hakuna anayeipata kazi hiyo bila shahada. Warushaji wengi huanza wakiwa wasaidizi wenye ujira mdogo, huku wakisoma shahada ya pili.

Halafu kuna Lisa Fernandez. Huyu alikuwa UCLA ile ya 1990 iliyomfunga Wright. Ana dhahabu za Olimpiki za 1996, 2000 na 2004. Sydney mwaka 2000, mechi na Australia, aliwatoa wapigaji 25 kwa straiki tatu tatu (mipira halali waliyoshindwa kuipiga), na bado Marekani ikafungwa 2-1 kwenye ining'i (raundi ya kupiga) ya 13 kwa pigo moja lililovuka uzio. Alipomaliza kucheza alirudi UCLA kufundisha warushaji, akiwa chini ya kocha mkuu Kelly Inouye-Perez. Inouye-Perez ndiye aliyekuwa mdakaji wake walipokuwa wanafunzi! Mimi hili nalipenda kupita maelezo. Mwambie na yule mdakaji wako mwenye soksi mbili kwamba asijione wa pembeni.

Baba_Wawili, ndugu yangu, hoja yako naielewa na sikubishii kuhusu ajira za majeshi. Ila binti anaweza kucheza netiboli na bado akawa mrushaji. Mwalimu asimkate mkono kwa sababu sisi wakubwa hatujui njia.

Njia ya hapa nyumbani ipo. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kinafundisha ukocha, na Malya ni stesheni ya reli ileile inayotoka kwenu Tabora kwenda Mwanza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na michezo. Ndio maana kwangu swali la mzee lina jibu moja: mpira huu utamlisha akisoma. Asiposoma hautamlisha hapa wala Marekani.

Ticha_Isevya

Marahaba mwanangu, nimekuzidi nadhani, mvi zimeanza. Nimesoma mara mbili, na hii ya Wright na fainali tatu nimewasomea wanangu wakati wa mapumziko. Mmoja akauliza, "Hakulia?"

Sasa nipe la uwanjani. Arushe mipira mingapi kwa siku? Yeye ukimwacha hasimami. Nimesikia watu wanasema mrusho wa chini hauchoshi bega, unaweza kurusha kutwa. Ni kweli?

Mrushaji_wa_Mwanga

Si kweli! Mwalimu, nakuomba sana usiuamini usemi huo. Mimi mwenyewe nilirushishwa mpira kila mechi na kocha mmoja aliyeuamini, na leo nikiandika ubao wa juu bega la kulia linanikumbusha. Mrusho wa chini unaupunguzia mkono mateso fulani ya besiboli, lakini duara lile linavuta sehemu ya mbele ya bega na msuli wa mkono wa juu kila mara linapozunguka.

Watu watakutajia Yukiko Ueno wa Japani. Olimpiki ya Beijing 2008 alirusha mipira 413 ndani ya siku mbili na Japani ikaifunga Marekani 3-1 kwenye fainali. Ni kweli, na alirudi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na miaka 39, akachukua dhahabu nyingine. Namheshimu kuliko mchezaji yeyote aliye hai. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye madaktari na miaka ya maandalizi. Usimpe namba hiyo mtoto wa kidato cha tatu kama mfano.

Badala ya kuhesabu mipira, mwangalie nyonga na mguu. Ishara ya uchovu ninayoiamini ni hii: mguu wa nyuma, ule unaosukuma kutoka kwenye ubao wa mrushaji, ukianza kubaki nyuma badala ya kuburuzika kufuata mwili, basi nyonga imelala na bega limebeba kazi yote. Vidole vya mguu vinaacha mstari mchangani. Mstari ukiwa mrefu na umenyooka, endelea. Ukikatika au ukipinda kwenda pembeni, mpumzishe hata kama anakubembeleza.

Siku za mapumziko mpe soksi. Zikunje kwa nguvu ziwe donge, apige goti moja, azirushe ukutani kwa kiganja tu bila kuzungusha mkono wote. Wamarekani nao hutumia soksi kufundishia kukung'uta kiganja. Mtoto wa rede ataielewa bila maelezo.

Na umbali uwe sahihi. Wanawake wa vyuo na wa kimataifa wanarushia mita 13.11. Pima kwa tepu ya fundi, usipime kwa hatua. Kwa umbali huo mrushaji mkubwa anayefika kilomita 110 kwa saa anampa mpigaji chini ya nusu sekunde. Akizoea umbali wa kubuni, siku ya uwanja halisi mipira yote itatua mbele ya besi.

Mnyamwezi_Ughaibuni

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtoto wa Cheyo, hapo hapo Tabora, nasoma Oklahoma. Fainali za softiboli za vyuo huchezwa hapa Oklahoma City karibu kila mwaka tangu 1990, uwanja unaingiza watu zaidi ya 12,000 na unajaa. Nilikwenda kwa sababu ya kelele tu, nikabaki kwa sababu ya makocha.

Dada wa Kigoma amesema vyema. Niongeze nilichokiona kwa macho. Wachezaji wanavaa mkanda kwenye kifundo cha mkono wenye kikaratasi cha namba ndogondogo. Kocha akiwa benchi anataja namba, mdakaji anaangalia mkanda, anajua ni mpira wa kushuka, wa kupanda, au ule wa polepole wa kumdanganya mpigaji. Mipira mingi inayorushwa pale imechaguliwa benchi. Kocha ameshakaa na daftari la kila mpigaji kabla ya siku hiyo.

Kuhusu kuja huku kusoma kwa ufadhili, nitasema wazi ili mzee asiuze shamba. Kwa miaka mingi timu nzima ya daraja la kwanza ilikuwa na ufadhili kamili usiozidi 12, na makocha waliugawa vipande vipande kwa wachezaji wengi. Wengi hupewa kipande tu. Kocha anataka video, matokeo ya shule na mtihani wa Kiingereza, na mwanafunzi wa nje lazima asajiliwe na kukaguliwa matokeo yake. Kuna vyuo vya miaka miwili ambavyo navyo vina timu, mlango huo ni mpana kidogo. Binti wa kwetu aliyekuja huku kwa softiboli, sijaona hata mmoja. Akija atakuwa wa kwanza ninayemfahamu, nami nitakwenda kumpigia makofi.

Baba_Wawili

Nimeelewa. Hilo la kusoma kwanza ndilo nililotaka kusikia. Mwalimu, kama baba anahofia giza, mazoezi yaishe saa kumi na moja. Nina pikipiki, napita njia hiyo nikitoka kazini, naweza kumfikisha yeye na mdogo wake.

Mrushaji_wa_Mwanga

Baba_Wawili, Mungu akubariki.

Mwalimu, jambo moja tena. Mpe daftari la mechi akiwa hachezi. Aandike kila mpira: umetua wapi, mpigaji alifanya nini. Na wale wa kidato cha kwanza wanaotaka kurusha, awafundishe yeye, wewe simama pembeni. Cat Osterman, mrushaji wa mkono wa kushoto wa Texas, alikuwa kocha msaidizi Texas State alipoamua kurudi timu ya taifa, na Tokyo akapata medali ya fedha akiwa na miaka 38. Alikuwa akifundisha na kurusha kwa wakati mmoja, vitu hivyo havigombani.

Nirekodie akirusha, simu iwe upande wa mkono wake wa kulia, usawa wa nyonga, mguu wa nyuma uonekane wote. Mipira kumi ya mwanzo wa mazoezi na kumi ya mwisho.

Ticha_Isevya

Nimezungumza na mzee leo sokoni. Nilimweleza habari ya shahada na Malya, na ya mama wa Fresno. Aliuliza maswali mawili: ada ya Malya ni kiasi gani, na kama huyo mama aliyefungwa mara tatu alikuwa na mume wa kumvumilia. La ada naenda kuulizia. Amekubali aendelee hadi mitihani ya kidato cha nne, kwa sharti kwamba Hisabati isishuke, na pikipiki ya Baba_Wawili ameipokea kwa shukrani.

Uwanja tumeupima upya kwa tepu. Tulikuwa tumesogea mbele karibu mita nzima. Video nitaituma Jumamosi jioni.