Mjadala: Je, ni halali kumtumia samaki kukomaza tangi jipya?

Swali lililo mbele yetu ni hili: mtu aliyenunua tangi la samaki wa mapambo jana, je, anaruhusiwa kutia samaki leo na kuwaachia wao kazi ya kulikomaza, au anawajibika kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuleta hata samaki mmoja? Ndugu yetu mmoja ametetea upande wa kwanza kwa hoja tatu: kwamba waliotutangulia katika ufugaji huu walianza hivyo hivyo, kwamba gapi na zebra danio ni samaki sugu wasiotishwa na maji machanga, na kwamba amonia safi ya chupa, ambayo ingekomaza tangi bila samaki, haipatikani kirahisi madukani kwetu. Mimi napinga, ingawa hoja hizo hazina uzito sawa, na ya tatu ninaiheshimu.

Tukubaliane kwanza juu ya kinachotokea ndani ya maji. Kukomaza tangi ni kuotesha bakteria. Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Katika tangi jipya hakuna wa kuila amonia hiyo. Hatua kwa hatua huota vijidudu, wakiwemo Nitrosomonas, wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha huota kundi la pili linaloigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiwango kikubwa zaidi na ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. (Vitabu vya zamani viliwapa kazi hiyo ya pili bakteria wa Nitrobacter, lakini mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaoifanya ni Nitrospira.) Katika maji ya nyuzi 25 hadi 28, safari yote huchukua wiki 4 hadi 6 kwa kawaida. Samaki aliyetiwa siku ya kwanza huishi ndani ya sumu mbili kwa zamu: kwanza amonia inayochoma matamvua, kisha nitriti inayoingia katika damu na kuifanya ishindwe kubeba oksijeni, hadi damu yenyewe inageuka rangi ya kahawia.

Hapo ndipo hoja ya usugu inapoanguka, kwa maana ukali wa amonia huamuliwa na maji kabla ya kuamuliwa na samaki. Amonia iliyomo majini iko katika sura mbili, moja isiyo na madhara makubwa na nyingine iliyo sumu kali, nazo hupokezana nafasi kulingana na pH, yaani kipimo cha uasidi au ualkali wa maji. Katika nyuzi 25, maji yenye pH ya 7 huwa na sura ya sumu kwa kiasi kisichofikia asilimia 1 ya amonia yote. pH ikifika 8, kiasi hicho ni kama asilimia 5. Ikifika 9, ni zaidi ya theluthi moja. Vipimo vya matone tunavyotumia majumbani husoma sura zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo watu wawili wanaweza kuona rangi ile ile ya kijani katika chupa zao, miligramu 1 kwa lita, na mmoja wao, mwenye pH ya 9, akawa na sura ya sumu kama mara sitini ya ile ya mwenzake mwenye pH ya 7. Matamvua huanza kuharibika sura ile kali inapofikia takriban miligramu 0.05 kwa lita. Katika pH ya 8 miligramu 1 ya jumla imekwisha kuvuka mpaka huo.

Nalisema hili nikiwa na sababu ya karibu. Wengi wetu wa pwani tunatumia maji ya visima yaliyopita katika mawe ya chokaa, ambayo ni magumu na pH yake iko juu ya 7. Na samaki tunaojivunia kuliko wote, wale sikilidi wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kutoka Kigoma na Bujumbura hadi Ulaya na Marekani, wanatoka katika maji ambayo pH yake inakaribia 9, na ni lazima tuwaigizie maji hayo ili wastawi. Mtu anayetia samaki wa aina hiyo katika tangi changa kwa sababu aliambiwa kwamba ni wagumu anawaweka mahali ambapo kosa dogo kabisa linaua.

Mimi mwenyewe nilianza kwa kosa hili. Muuzaji alinifungia tangi la lita 60, pampu ya hewa, kichujio cha sponji na gapi wanane katika mfuko mmoja wa plastiki, vyote asubuhi moja, akaniambia niache maji yatulie hadi jioni ili klorini iondoke. Ushauri wa klorini ulikuwa sahihi, lakini juu ya amonia hakusema neno. Siku ya nne niliwakuta wote wamejikusanya juu, midomo ikigusa uso wa maji pale mapovu yanapopasuka, mikia imekunjwa kama mwavuli uliofungwa, na chini ya kifuniko cha shavu la dume mmoja wa rangi ya machungwa matamvua yamekuwa mekundu kama kidonda. Nilifanya lile ambalo kila mgeni hulifanya: nikamwaga maji yote, nikaikamua sponji chini ya bomba mpaka ikawa nyeupe. Kumbe bakteria wachache waliokwisha kuota walikuwa wamejishika kwenye sponji ile, si ndani ya maji, na klorini ya bomba ikawamaliza. Nilianza upya bila kujua kwamba nimeanza upya. Kufikia wiki ya tatu walibaki wawili.

Hoja ya waliotutangulia sitaikalia. Walifanya kwa kadiri ya ujuzi wa wakati wao, nasi tunaojua kisa cha vifo vile hatuna udhuru huo.

Hoja ya amonia ya chupa ni ya kweli, kwani nyingi ya zile za kusafishia nyumba zina sabuni na manukato, nazo hazifai kabisa. Lakini bakteria hawajali amonia imetoka wapi. Kamba mbichi mmoja kutoka soko la samaki, akifungwa katika kipande cha soksi safi na kuachwa aozee ndani ya tangi lisilo na samaki, atatoa amonia ya kutosha kuanzisha kazi. Au unaweza kutia chembe za chakula cha samaki kila siku kana kwamba wapo wa kula. Harufu itakuwepo siku za mwanzo. Njia bora kuliko zote, hata hivyo, ni kuomba kipande cha sponji iliyokwisha kukomaa kutoka tangi la mwenzako mwenye samaki wazima, ukaisafirisha ikiwa imelowa maji ya tangi lake na kuiweka katika kichujio chako siku hiyo hiyo. Wiki zinaweza kupungua zikawa siku.

Nakiri jambo moja mbele ya wanaonipinga. Mtu ambaye samaki wake wamo tayari hapaswi kuambiwa awarudishe au awatupe. Anaweza kuwavusha, iwapo atapima amonia na nitriti kila siku, atabadilisha nusu ya maji mara tu rangi inapoanza kupanda, akitumia maji yaliyoondolewa klorini, na atawalisha kidogo sana. Wakati wa nitriti, gramu 1 ya chumvi kwa kila lita huwasaidia wengi wao, kwa kuwa kloridi huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Sponji aikamue katika maji yaliyotolewa tangini, na umeme ukikatika kwa saa nyingi ahakikishe kwamba haikauki wala haikosi hewa. Ila hiyo ni kazi ya uokozi, na uokozi haugeuki kuwa utaratibu wa kuanzia kwa sababu tu baadhi waliokolewa.

Kwa hiyo lawama yangu haimwendei mtoto aliyelia mpaka akanunuliwa samaki, wala mzazi wake. Inamwendea anayeuza tangi na samaki katika risiti moja, akiwa na sponji zilizokomaa zinazobubujika mgongoni mwake dukani. Nawauliza wauzaji waliomo katika mjadala huu, na naomba jibu la wazi: ni kitu gani kinachowazuia kumpa mteja tangi pamoja na kipande cha sponji hiyo leo, na kumwambia samaki wake watamsubiri hapo dukani mpaka maji yake yapimwe?