Tupeane uzoefu: ziara za bustani na mashamba Kanda ya Kati wakati wa kiangazi

Mjohoro (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, mbukwenyi.

Likizo ya Juni inakaribia, na katika familia yetu pamoja na majirani wachache tumekubaliana kwamba safari hii hatutakwenda mbugani wala pwani, bali tutazunguka humu humu Kanda ya Kati tukitazama bustani: za umma, za taasisi na za watu binafsi watakaokubali kutufungulia mageti yao. Mimi nimepewa kazi ya kupanga ratiba. Kabla sijaipanga, naomba wenzangu mliokwisha kufanya ziara za namna hii mtueleze mlipita wapi, ilikuwa mwezi gani, mlizungumza vipi na wenyeji, na mlikuta nini.

Nianze na ninachokijua. Mtu asiyeifahamu Dodoma hudhani kwamba mji unaopata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena karibu zote kati ya Desemba na Aprili, hauwezi kuwa na bustani ya kutazamwa mwezi Julai. Mimi nimezoea kuwaambia wageni kwamba kiangazi ndicho kinachomtambulisha mtunza bustani. Wakati wa mvua kila ua ni kijani, hata ule ambao mwenyewe hajaushughulikia. Lakini upepo wa Julai unapovuma kutwa nzima na vumbi kutanda kwenye majani, kila mche unaouona umestawi una mtu aliyeupelekea maji kwa ndoo, kwa mpira au kwa mfereji. Ndiyo maana ninapoelekezwa bustani yoyote huuliza kwanza maji yake yanatoka wapi, kwa sababu jibu hilo hunieleza pia ni mwezi gani niende.

Kwa mjini sina shida. Uwanja wa Nyerere na bustani ya Chinangali vinatosha kwa jioni moja, hasa kwa watoto. Tatizo langu ni nje ya mji, na hasa mashamba ya watu.

Mwenye Mizabibu

Ndugu Mjohoro, nakushukuru kwa mada hii. Ninalima zabibu upande wa Hombolo, na nitaandika kama mtu anayetembelewa, kwa kuwa wageni wengi hupanga ziara zao bila kumfikiria mwenyeji.

Jambo la kwanza ni kalenda. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba. Hilo linawezekana kwa sababu hapa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu kama ilivyo Ulaya; sisi wenyewe ndio tunaouamsha kwa kuupogoa, na tangu siku ya kupogoa hadi kuvuna hupita kama miezi minne. Aliyepogoa Aprili atavuna Agosti. Kwa hiyo familia yako ikija katikati ya Juni haitakuta zabibu za kula. Itakuta vichala vya punje changa zinazolingana na mtama, na itamkuta mwenye shamba akikagua majani upande wa juu na wa chini, akitafuta dalili za ubwiri unga, ukungu mweupe ambao usipodhibitiwa mapema kwa salfa huzipasua punje kabla hazijaiva. Siku ya kupiga dawa hatupokei mtu, hasa mwenye watoto, na ninaomba mgeni asichukie akipigiwa simu asubuhi na kuambiwa aahirishe.

Wanaotaka kuonja waje Agosti. Wanaotaka kujifunza, kwa maoni yangu, waje wiki ya kupogoa. Mkasi ukishapita na shamba likiwa na maji ya kutosha, mahali tawi lilipokatwa hutokea tone la maji maangavu, likadondoka, likafuatwa na jingine, hata ardhi chini ya mche ikapata doa bichi. Niliwahi kupokea wanafunzi wa shule ya msingi wakati huo, wakasimama hapo wakikinga viganja kwa muda mrefu kuliko wageni wengine wowote wanavyosimama mbele ya zabibu zilizoiva. Walitaka kujua kama mti unaumia. Niliwaeleza kwamba mizizi imeanza kupandisha maji na majani ya kuyatumia bado hayajachipua. Siku chache baadaye macho ya matawi yakifunguka na kuchipua, matone hukoma yenyewe.

Jambo la pili ni taarifa. Nipigie simu wiki moja kabla, uniambie idadi ya watu, na kama kuna wazee au watoto wadogo, kwa sababu nguzo na waya vina sehemu zinazochoma na mitaro ya maji haionekani vizuri kwa mtu asiyeizoea. Wengi wetu hatutozi kiingilio. Tunafurahi mgeni akinunua chochote kilichopo, iwe zabibu, juisi au zabibu zilizokaushwa.

Kwa anayependa historia ya zao hili, Bihawana, upande wa barabara ya Iringa, ni mahali pa kupita, kwa kuwa wamisionari Wakatoliki ni miongoni mwa waliolianzisha Dodoma katika karne iliyopita. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Makutupora, kaskazini mwa mji, kinatunza na kufanyia utafiti aina mbalimbali za mizabibu, ikiwamo ile nyekundu iliyobeba jina la Makutupora. Hiki ni kituo cha kazi, kwa hiyo andikeni barua mapema na msubiri majibu. Mkiwa njiani kwenda huko, waelezeni watoto kwamba wanapita juu ya maji wanayokunywa nyumbani, kwa sababu visima vya bonde la Makutupora ndivyo vilivyoulisha mji wa Dodoma kwa miaka mingi.

Mama Ilazo

Ahsante kaka Mwenye Mizabibu, umenifungua macho.

Mimi ninazungumzia bustani za nyumbani. Hapa mtaani kwetu Ilazo, mjini Dodoma, tuna utaratibu wa akina mama kutembeleana Jumamosi, nyumba moja hadi nyingine, na kila mwenye nyumba anaeleza anavyokabiliana na mgao wa maji. Kwa uzoefu wangu bustani inayofundisha zaidi mara nyingi ni ndogo, ya mtu mwenye kipato cha kawaida. Jirani yangu mmoja ana mchicha, figiri na sukuma wiki katika magunia yaliyosimama ukutani, na katikati ya kila gunia ameweka nguzo ya kokoto kuanzia chini hadi juu, ili maji yanayomiminwa hapo yasambae kwa mizizi yote na yasiishie kwenye udongo wa juu tu. Maji yenyewe ni yale aliyosuuzia mboga na vyombo. Juu ya ukuta amepandisha bogenvilia, na hiyo haimwagilii kabisa tangu ishike. Mwezi Agosti, wakati mji mzima una rangi ya vumbi, ukuta wake umejaa maua.

Nina ombi moja kwa wanaopanga ziara. Msiingie nyumbani kwa mtu mkiwa kundi la watu ishirini na simu zimeinuliwa juu. Nyumba ina wagonjwa, ina nguo kambani, ina mambo yake. Ulizeni kwanza kama kupiga picha kunaruhusiwa, na msikate pandikizi bila kuomba. Ukiomba, hakuna mama atakayekunyima tawi la kwenda kupanda kwako.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, nimefurahi kuona mada yenye manufaa.

Kwa mtu atakayeweza kusogeza safari yake hadi Agosti, nashauri sana viwanja vya maonesho ya wakulima ya Nanenane pale Nzuguni. Watu wengi huviendea kwa ajili ya mabanda, muziki na nyama choma, wakavipita vipando vilivyo nyuma bila kuvitazama, ilhali vipando hivyo ndivyo bustani kubwa ya wazi tuliyo nayo katika kanda hii wakati wa kiangazi. Halmashauri na taasisi huanza kuviandaa miezi kadhaa kabla, huvimwagilia, na kila kimoja kina kibao cha jina la zao na aina ya mbegu, pamoja na ofisa wa kukujibu. Maadhimisho ya kitaifa ya mwaka 2024 yalifanyika hapo hapo. Nendeni asubuhi, siku za mwanzo, kabla ya tarehe 8 yenyewe, kwa sababu siku ya kilele msongamano hauruhusu mazungumzo. Nilipokuwa nikifundisha niliwapa wanafunzi kazi ya kuchagua kipando kimoja tu na kukichora, wakiandika nafasi kati ya mche na mche. Waliporudi shuleni walikuwa na maswali ambayo kitabu hakikuwahi kuyaibua.

Mrangi wa Kolo

Shikamoo Mwalimu. Habari zenu wote.

Naomba Kondoa isisahaulike. Ni kama kilomita 160 kutoka Dodoma mjini, barabara ni ya lami, na safari hii haifai kufanywa kwa siku moja ya kwenda na kurudi, maana mtatumia mchana wote ndani ya gari. Laleni Kondoa mjini.

Sababu ya kuwaalika ni kwamba mashamba ya huku yana historia inayoonekana kwa macho. Sehemu kubwa ya milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo, udongo umebaki mwekundu na uchi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wazee wetu waliumia, kwa sababu ng'ombe alikuwa mahari, chakula na heshima, na hadi leo kuna wanaolizungumzia jambo hilo kwa uchungu. Baadaye ikaruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa ndani ya zizi. Ukiingia leo katika boma la mkulima wa namna hiyo utaona mpangilio mzima ukizunguka zizi: mabingobingo yamepandwa juu ya matuta ya kontua, yaani yanayokinga mteremko, yanashika udongo na wakati huo huo ni chakula cha ng'ombe, samadi inashuka kwenye migomba, na kule bondeni, ambako mchanga wa korongo ulijikusanya, watu wanalima miwa na viazi vitamu. Sioni bustani ya maua inayoweza kunieleza mambo mengi kiasi hicho.

Siku ya pili pandeni Kolo kuona michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ripotini kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo ili mpewe mwongozaji. Vaeni viatu vya kufunga.

Alizeti

Kwa ufupi tu kuhusu Singida: msije Juni kutafuta mashamba ya njano. Maua ni Machi na Aprili. Juni vichwa vimekauka na watu wanavuna. Mnaweza kuona mavuno na mashine za kukamua mafuta, lakini picha mnayoiwazia haipo.

Mtoto wa Chamwino

Naomba niongeze mti mmoja. Kila mtu anayepita barabara zetu hupiga picha mbuyu wakati wa kiangazi ukiwa hauna majani, na wachache sana wameuona ukitoa maua. Kati ya Oktoba na Desemba, kabla mvua hazijakolea, nendeni nyumbani kwa mtu mwenye mbuyu uani na muombe kukaa hadi usiku. Ua hufunguka jioni, jeupe, kubwa kama kiganja, likining'inia kichwa chini. Popo huja kulinyonya, na kesho yake limeshaanza kuwa na rangi ya kahawia na kudondoka. Sisi tulikaa na wajomba uani, tukala ugali wa uwele kwa mlenda, na bibi akawa anatueleza ubuyu wa mti ule umelisha nani na nani mwaka wa njaa. Ziara hiyo haihitaji gari wala kiingilio, inahitaji ndugu au rafiki wa kukupokea.

Mjohoro (mwanzisha uzi)

Nawashukuru wote, na kwa Mwalimu naongeza shikamoo yangu. Kutokana na maelezo yenu tumeigawa safari. Juni tutakwenda Kondoa kwa siku mbili, pamoja na Jumamosi moja ya bustani za nyumbani kwa idhini ya Mama Ilazo. Mizabibu tumeihamishia Agosti pamoja na Nzuguni, wakati ambapo hata ndugu zetu wa Dar es Salaam wanaweza kutuunga, kwa kuwa tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 safari yao haiwachukui siku nzima. Kila siku itakuwa na bustani mbili tu, asubuhi na alasiri, ili mwenyeji apate muda wa kueleza na wazee wapate kupumzika mchana.

Nina pendekezo pia. Huko Uingereza tangu mwaka 1927 upo mpango uitwao National Garden Scheme, ambapo wenye bustani binafsi huzifungua kwa umma kwa siku zilizotangazwa na kiingilio huenda kwenye huduma za afya. Mwaka ule wa kwanza zilifunguliwa bustani 609, kwa shilingi moja kwa kila mgeni, ili kuwasaidia wauguzi waliokuwa wakizunguka majumbani. Tungeweza kuanza kwa Jumamosi moja mwezi Agosti, nyumba chache za Ilazo na mashamba machache ya Hombolo, na fedha zikanunua matangi ya maji kwa shule moja tutakayokubaliana. Ndugu Mwenye Mizabibu, ungekuwa tayari?

Mwenye Mizabibu

Niko tayari, na jirani yangu wa upande wa bwawani nitazungumza naye leo jioni. Naomba iwe Jumamosi ya tatu ya Agosti, kwa sababu kabla ya hapo utamu haujapanda vya kutosha na baada ya hapo wanunuzi watakuwa wamekwisha kuingia shambani na magari. Wageni waje kabla ya saa nne asubuhi, jua halijawa kali, na kila familia ije na ndoo au kikapu chake. Mifuko ya plastiki sitaipokea.