Mnaoandika kodi (msimbo wa programu) za kutuma hela za watu halafu mnaacha promisi zinaelea, mnaumiza watu

Wakuu habari za jioni. Nina hasira na naomba msinitulize, someni kwanza. Promisi kwenye JavaScript (lugha ya programu) ni ahadi kwamba jibu la kazi litakuja baadaye, ikielea maana yake hakuna anayeisubiri wala kuidaka ikifeli.

Kuna mfumo wa kikoba nimekabidhiwa, ulijengwa na watu wengine, wakalipwa chao wakaondoka. Kazi yake wala siyo kubwa, mwisho wa mwaka wanachama wanagawana, mfumo unachukua orodha, unamtumia kila mtu gawio lake kwenye simu, unatoa ripoti. Siku ya mgao ripoti ikatoka safi kabisa, mama mweka hazina akaisoma mbele ya wanachama, malipo yote yamekamilika. Kumbe kuna watu hawajaona hata senti. Na vikoba mnavijua, hela ikipotea hakuna anayeenda kuangalia seva kwanza, anashikwa mweka hazina. Mama wa watu kaitwa mwizi mbele ya majirani zake, mtu mzima na heshima zake, kisa hiki hapa:

wanachama.forEach(async (m) => {
  await tumaHela(m)
})
andikaRipoti("malipo yote yamekamilika")

Anayejua JavaScript keshaona. forEach, ile inayopitia orodha mmoja mmoja, HAISUBIRI, haijawahi kusubiri. Inaita funksheni yako kwa kila mwanachama, inarudishiwa promisi, inaitupa, inaenda kwa anayefuata, ikifika mwisho wa orodha mstari wa chini unaendelea na ripoti inaandikwa wakati hakuna hata ombi moja lililojibiwa. Ile await ya ndani (neno la kusubiri promisi) inaisimamisha funksheni ya ndani tu, aliyeiita hana habari nayo. Na hili siyo siri, ukurasa wa forEach kule MDN, tovuti ya maelezo ya JavaScript, wameandika wazi kabisa kwamba haisubiri promisi. Mtu anashika hela za akina mama wauza mboga hata ukurasa mmoja hajasoma??

Nikasema ngoja niingie ndani ya tumaHela yenyewe. Huko ndo nikachoka. Mwisho wake kuna .catch(() => {}), sehemu ya kudaka kosa. Tupu. Yaani mtandao ukikata, salio la akaunti ya kutumia likiisha, namba ya simu ikiwa na kosa, vyote vinaingia hapo vinapotea, hakuna logi, hakuna chochote kwenye databesi, na anayesubiri huku nje anaambiwa mambo yameisha vizuri kwa sababu ukishadaka kosa bila kulirusha tena ile promisi inayotoka kwenye catch inahesabika imefanikiwa. Kosa limegeuzwa kuwa mafanikio kwa herufi chache tu.

Halafu juu ya faili kuu nakuta wameweka process.on('unhandledRejection'), kengele ya promisi zilizofeli bila kudakwa, nayo ndani haina kitu. Jamani. Zamani kwenye Node (kinachoendesha JavaScript kwenye seva) promisi ikifeli bila mtu wa kuidaka ulikuwa unapata onyo tu na seva inaendelea kana kwamba hamna kitu. Node 15 ilipotoka mwaka 2020 wakabadilisha, ikitokea hivyo programu inaanguka, makusudi kabisa, ili ujue kuna jambo. Sasa mtu kaona inaanguka, badala ya kutafuta kinachofeli kaenda kuziba mdomo wa kengele.

Na fetch nayo, ile ya kutuma ombi kwenye seva nyingine, kila siku watu wanasema "nimeweka try catch, niko salama". Salama ipi? Fetch inafeli pale mtandao wenyewe ukigoma. Seva ya upande wa pili ikikujibu 500 au 404 (namba za kosa), kwa fetch hayo ni majibu, promisi inatimia vizuri tu na catch yako haiguswi. Usipoangalia response.ok (inayosema kama jibu ni zuri) mwenyewe umehesabu ukurasa wa kosa kama malipo. Mle ndani response.ok haipo hata sehemu moja, nimetafuta.

Lakini lililonivuruga zaidi ni lililofuata. Wanachama walivyolalamika, mafundi walewale wakaitwa, wakabadilisha forEach ikawa Promise.all na map (zinatuma zote kwa pamoja na kuzisubiri), wakatoa na ile catch tupu, wakabonyeza tena orodha nzima. Promise.all promisi moja ikifeli na yenyewe inafeli palepale, ndiyo, ila zile nyingine HAZISIMAMI. Maombi yalishatoka, yanaendelea kivyake. Wao wakaona kosa kwenye skrini wakadhani hamna kilichotoka, wakabonyeza tena. Matokeo yake kuna watu wamelipwa mara mbili na wengine bado sifuri, na sasa hivi kikoba kinadai wanachama wake wenyewe warudishe hela. Nenda kamuombe mtu hela iliyoingia kwenye simu yake Desemba uone atakujibu nini.

Hakuna kisingizio cha "lugha ni ngumu". Promisi zimeingia kwenye lugha rasmi 2015, async na await 2017, Promise.allSettled 2020. Hiyo ya mwisho ndo ilikuwa inatakiwa hapa, inasubiri zote ziishe, zilizofanikiwa na zilizofeli, halafu inakupa jibu la kila moja na sababu yake. Wanaofundisha mtandaoni nao wana lawama, somo lote ni setTimeout (kipima muda) ya sekunde mbili, inatoka "imefanikiwa", makofi, kwaheri. Kufeli hakufundishwi kabisa.

Nimeandika upya. Kila malipo yanapewa namba yake kwenye databesi KABLA ombi halijatoka, na namba hiyo inakwenda na ombi ili likirudiwa lijulikane ni lilelile. Kila mwanachama ana mstari wake na hali yake. Na hali ziko tatu siyo mbili, imelipwa, imefeli, haijulikani, kwa sababu muda wa kusubiri ukiisha promisi inafeli upande wako lakini hela inaweza ikawa imeshatoka kule, ukiihesabu kama imefeli ukarudia unalipa mara mbili. Ripoti inasoma databesi, siyo mstari wa mwisho wa kodi.

Mnaotumia TypeScript (JavaScript yenye aina za data) washeni kanuni za no-floating-promises NA no-misused-promises kwenye typescript-eslint, kikagua kodi, ya kwanza peke yake hii ya async ndani ya forEach inaipita, ya pili ndo inaikamata. Dakika chache tu, fanyeni leo kabla hamjatuma mshahara wa mtu.

Sasa mwenye uzoefu na hizo za "haijulikani" naomba anisaidie. Mimi nauliza hali ya muamala kila baada ya muda mpaka jibu lije, ila kuna zinazokaa kimya hadi kesho yake na mweka hazina anataka jibu leo. Nyie mnazimalizaje?