Naomba ushauri: OLED, QLED au Mini LED? Nimechanganyikiwa

Kibatari:
Wakuu, habari zenu. Nataka kubadili TV ya sebuleni, iliyopo imeanza kuweka kiwingu upande wa kulia. Nimezunguka madukani mpaka macho yanauma. Kila kioo kina jina lake, na kila muuzaji anaapa kwamba chake ndicho chenyewe. Mimi ni mtu wa filamu, tena usiku, taa zimezimwa. Niliposimama mbele ya OLED na kuona ule weusi wake, moyo ukahamia huko. Ila hela ni nyingi na sitaki kununua mara mbili. Nalenga inchi 55. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, matusi hapana.

FundiStoo:
Mkuu, tuanze na majina, maana ndiyo yanayowapoteza watu. Inayoitwa "LED" ni LCD ileile, yaani kioo kinachotegemea taa ya nyuma, isipokuwa taa zake za nyuma ni za LED. QLED nayo ni LCD, imeongezewa utando wa nukta za kwanta ili rangi zitoke safi. Mini LED ni LCD tena! Taa zake za nyuma ni ndogondogo, nyingi sana, zimegawanywa kwa kanda, na kila kanda inaweza kufifishwa peke yake. Katika hizo zote OLED ndiyo isiyo na taa ya nyuma. Kila pikseli, yaani kila kinukta cha picha, inawaka na kuzimika yenyewe, na kioo cha 4K kina pikseli zaidi ya milioni 8. Panapotakiwa giza, pikseli inazimika, basi. LCD inajaribu kuziba mwanga ambao tayari uko nyuma ya kioo, na kuna unaopenya.

Filamu, usiku, taa zimezimwa: chukua OLED. Hapo hakuna mjadala.

Jongoo_Mkuu:
Chukua inchi 85, shemeji akalie ngazi.

Kipanga09:
Ada za watoto zimelipwa? Nauliza tu. Siku hizi watu wanakopa ili waone giza vizuri.

Mtazamaji:
Watu wanazidharau nukta za kwanta kama vile ni jina la kuuzia tu. Hizo ndizo zilizowapa Bawendi, Brus na Ekimov Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Ni chembe ndogo kiasi kwamba ukubwa wake ndio unaoamua itoe rangi gani. Na OLED siyo ya juzi, Tang na Van Slyke wa Kodak waliandika kuihusu mwaka 1987. Tuheshimu sayansi.

Jongoo_Mkuu:
Ekimov ndiye atakayemalizia salio la Kibatari?

MamaWawili:
Mimi bado naililia plasma yangu. Ilikuwa nzito, ilipasha chumba joto, lakini mpira ulikuwa unatiririka, hukuona mchezaji akiacha mkia nyuma yake. Watengenezaji wakubwa wakaziacha, mpaka 2014 zikawa zimekwisha. Nikahamia LCD. Wiki ya kwanza nilidhani macho yangu yana tatizo, kumbe ndivyo ilivyo. Mume wangu akaniambia nitazoea. Sikuzoea, niliacha tu kulalamika.

BintiAlfajiri:
Kibatari, umesema usiku. Mchana inawashwa na nani? Usinijibu kwa filamu, nijibu kwa saa.

Kibatari:
Mchana inawaka kidogo tu, dada. Ila mimi nimeuliza kuhusu ubora wa picha.

BintiAlfajiri:
"Kidogo" ni saa ngapi mpaka saa ngapi?

Kibatari:
Haya. Baba yangu anaishi nasi. Anaiwasha saa kumi na mbili asubuhi, inazimwa akienda kulala, kwenye saa nne hivi usiku, ndipo mimi huanza filamu zangu. Anatazama chaneli moja tu ya habari, yenye utepe mwekundu chini na nembo kona ya kulia. Mara nyingi amesinzia kitini. Ukiizima anashtuka, anauliza nani kazima. Sioni hilo linahusiana vipi na OLED au QLED.

FundiStoo:
Linahusiana kuliko yote uliyoyaandika. Jibu langu la juu ni la mtu wa filamu. Kwako mtu wa filamu ni wa zamu ya usiku, kioo ni cha mzee.

Pikseli za OLED zinachakaa kadiri zinavyowaka. Zikichakaa kwa usawa hutagundua. Ila utepe mwekundu ukikaa palepale kutwa nzima, kila siku, pikseli za hapo zinazeeka kabla ya jirani zake. Mwisho unafungua filamu yako ya giza na kivuli cha utepe kiko chini, hakitoki tena. Soma waranti kabla ya kulipa, nyingi haziigusi hali hiyo.

Kibatari:
Muuzaji alisema hiyo ni hadithi ya zamani. Za sasa picha inasogezwa kidogokidogo, nembo inafifishwa yenyewe, na kuna usafi inajifanyia usiku. Halafu, sikutaka kulisema hili, nimeshatoa malipo ya awali. Siyo yote, lakini siyo kidogo.

BintiAlfajiri:
Kumbe ulikuja kuomba baraka.

FundiStoo:
Kinga hizo zipo, hakudanganya. Zinachelewesha, hazifuti. Na huo "usafi" unafanyika TV ikiwa imezimwa kwa rimoti huku umeme bado unaingia. Inapima pikseli na kusawazisha. Kwenu mnazima kwa rimoti au ukutani?

Kibatari:
Mzee huchomoa plagi kabisa. Anaogopa radi.

Kipanga09:
Hahaha, basi. Hii ni chai, wakuu, tena ina tangawizi. Angalieni wenyewe: uzi umeanza na filamu usiku, mzee hayupo. Akatokea mzee, kama mhusika wa tamthilia aliyezikwa msimu wa kwanza. Mara chaneli moja kutwa. Mara utepe mwekundu. Mara plagi! Kila kinachoua OLED, mzee anakifanya. Na malipo ya awali yamezaliwa baada ya kubanwa. Huyu anauza Mini LED, anasubiri mtu aitaje.

Mtazamaji:
Nami nilishtuka kwenye plagi. Imekaa vizuri mno.

Kibatari:
Niuze kitu gani wakati nimelipia OLED? Nimeweka picha ya risiti hapo chini, jina la duka na langu nimefunika. Baba yangu siwezi kumpiga picha amesinzia ili nikuridhishe wewe.

Kipanga09:
Risiti yenye majina yaliyofunikwa hata mimi nina kitabu chake.

MamaWawili:
Kipanga, wewe huna mzee nyumbani. Mama mkwe wangu alikuwa anachomoa mpaka friji. Wanaokuja kudanganya humu huleta wake wawili na viwanja, hawaleti mzee na chaneli ya habari.

Kibatari, mpe baba ile TV ya zamani, uifunge chumbani kwake. Kwenye habari kiwingu hakimsumbui, na LCD haina shida na nembo. Wewe baki na OLED yako.

Kibatari:
Nilishajaribu. Hataki chumbani. Anasema huko haoni nani anaingia na nani anatoka. Kiti chake kiko pale karibu na mlango, pembeni kabisa.

FundiStoo:
Hapo umenipa jambo jingine. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kuu. VA ina weusi mzuri, lakini ukikaa pembeni rangi zinafifia. IPS inavumilia pembeni, ila weusi wake ni wa kijivu. Mini LED nyingi ni VA, ingawa baadhi wanaongeza tabaka la kupanua pembe. OLED kwa pembeni inawashinda wote, hilo silifichi.

Mzee anasoma utepe, rangi ikipauka kidogo hatajali. Wewe wa filamu unakaa katikati. Kwa hiyo Mini LED ya VA yenye kanda nyingi. Pia inang'aa zaidi mchana mapazia yakiwa wazi. Hasara yake ni ukungu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe kwenye giza, kwa sababu kanda moja inabeba pikseli nyingi. Neno "Mini LED" kwenye boksi halitoshi, uliza idadi ya kanda. Wengine wana chache mpaka unashangaa kwa nini walijisumbua.

Ukienda dukani waambie watoe ile hali ya maonyesho, ile inayofanya kila uso uwe rangi ya chungwa. Weka filamu ya giza yenye maandishi, uone ukungu. Halafu nenda kasimame pembeni, pale mzee angekaa.

Kibatari:
Nimewapigia. Wanakubali kubadilisha, malipo ya awali yanahamia kwenye nyingine, mradi sijachukua mzigo. Ila nakiri roho inauma. Ule weusi...

BintiAlfajiri:
Ule weusi ungekuwa na utepe mwekundu.

Kipanga09:
Nilisema ataishia Mini LED. Nilisema!

Kibatari:
Kipanga, nenda kalale. FundiStoo, la mwisho: kishikio cha ukutani nilishanunua na ukuta umetobolewa. Ni cha ile OLED. Kitafaa?

FundiStoo:
Wewe bwana! Angalia namba za VESA, ni umbali kati ya matundu ya nyuma kwa milimita, kulala kwanza, kusimama baadaye. Kama kishikio ni 300×200 na TV mpya ni 400×300, hakiingii. Kikiwa cha kurekebishika, sawa. Halafu linganisha uzito wa TV na ulioandikwa kwenye kishikio. Tuma namba zote mbili hapa kabla ya kukaza skrubu yoyote.

Jongoo_Mkuu:
Na soketi iwekwe juu, mzee asiifikie.