Chamwino au Bahi? Kodi ya mjini imenishinda

Baba Wawili
Wakuu habari za jioni. Mwenye nyumba wangu hapa Ilazo, Dodoma mjini, kapandisha kodi toka laki mbili na nusu mpaka laki tatu na nusu, sababu yake eti kaweka geti jipya. Mkataba unaisha mwisho wa mwezi huu na anataka miezi sita kwa mkupuo. Nimekaa na mama watoto tumeona tutoke tu mjini, tukakae nje kwenye nafasi, niwe naenda kazini narudi. Zimebaki sehemu mbili. Chamwino nimeona nyumba ya vyumba viwili na sebule, choo ndani, laki na ishirini kwa mwezi. Bahi kuna nyumba ya shemeji iko tupu, ananiachia kwa elfu sabini na ina uwanja mkubwa wa kufuga kuku. Ipi bora? Naombeni haraka maana dalali wa Chamwino anapiga simu kila baada ya dakika tano.

Mtu wa Veyula
Unaomba ushauri halafu hujasema kazini kwako ni wapi. Kama ni mjini habari nyingine, kama ni Mtumba habari nyingine, kama ni Nala ndo kabisa. Una gari? Watoto wanasoma?

Kiwanja Kwanza
Hiyo hela ya miezi sita ni kianzio cha kiwanja mkuu. Tunapanga tunapanga mpaka tunastaafu. Tafuta hata huko Ntyuka, inua chumba kimoja, ingia, mengine utamalizia ukiwa ndani.

Mtu wa Veyula
Mkataba unaisha mwisho wa mwezi we unamwambia ainue chumba, atalala juu ya tofali?

Kiwanja Kwanza
Mi nililala na turubai miezi miwili na leo nina nyumba. Endeleeni kuwalipia wenzenu mageti.

Treni ya Jioni
Mbona mnajifungia huku kwenye vumbi. Hamia Morogoro. Mti ukiudondosha chini unaota, ndizi bwerere, mlima unauona dirishani, na SGR inapiga 160 kwa saa. Asubuhi uko Dodoma unakunywa chai. Wenzetu huko nje wanakaa mji huu wanafanya kazi mji ule miaka yote, sisi tumeletewa treni bado tunabanana Ilazo.

Hesabu Kali
Treni ya Jioni punguza mapenzi. Ilipoanza 2024 nauli ya treni ya kawaida ilitangazwa Dar–Moro 13,000 na Dar–Dodoma 31,000, kwa hiyo Moro–Dodoma weka kama 18,000 tu kwa kukadiria. Siku 22 za kazi, kwenda na kurudi, ni 792,000. Mtu anakimbia kodi ya 350,000 unampeleka kwenye nauli ya laki nane na bado hajalipa bajaji ya kumtoa stesheni.

Treni ya Jioni
Sijasema kila siku.

Hesabu Kali
Kwani kazini anaenda siku ngapi, za sikukuu tu?

Baba Wawili
Samahani wakuu nilikuwa kwenye kikao. Kazi yangu iko Mtumba, Mji wa Serikali. Gari sina. Watoto wawili, mmoja darasa la pili mwingine bado.

Mtu wa Veyula
Sasa hilo ndo ungeanza nalo. Bahi futa. Bahi iko magharibi njia ya Singida, zaidi ya kilomita 50 hata mjini hujafika, Mtumba iko mashariki njia ya Dar. Utakuwa unauvuka mji mzima mara mbili kwa siku, na pale mizani ya Nala malori yakipanga mstari utasoma gazeti likuishe. Chamwino unaipita tu Mtumba unasogea mbele kidogo.

Fundi Ihumwa
Ila msisahau barabara ya mzunguko, ile ya kilomita 112.3, ina kipande cha Nala–Veyula–Mtumba mpaka bandari kavu ya Ihumwa. Unatoka Bahi ukifika Nala unakata kushoto mjini huingii.

Mtu wa Veyula
Kwa daladala ya nani? Kasema gari hana. Mi nakaa Veyula kaka, naijua.

Mama Zabibu
Mi nimekaa Chamwino miezi tisa nikifanya kazi hapo hapo Mtumba ngoja nikupe ya kweli, Veyula kakuambia ya kwenye ramani. Kwenye ramani ni pua na mdomo. Asubuhi ni raha tupu, gari zinaanzia kwenu, unachagua siti, unasinzia kidogo umeshuka. Shida iko jioni. Gari za Chamwino zinajazia mjini, zikifika Mtumba konda mwenyewe amechuchumaa mlangoni hana pa kukaa. Mmejipanga barabarani kama hamsini hivi, upepo wa mwezi wa nane unapiga vumbi mpaka unalisikia kwenye meno, Noah inapunguza mwendo mnakimbia nayo, konda anatoa kichwa anasema mmoja tu, tena mwembamba. Nawaapia alisema hivyo, mwembamba.

Sasa kuna siku mwezi wa pili mvua imenyesha, kazi ilinishika nikatoka saa kumi na moja na nusu. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikasimama wakajipenyeza wanaume nikabaki na mwavuli wangu. Nikafanya ile ya wajanja, nikavuka barabara nikapanda inayoenda mjini, nalipa nauli ya kurudi nyuma mpaka Nanenane ili tu nigeuze nikiwa nimekaa. Tumefika Ihumwa tukasimamishwa, msafara unapita, gari zote pembeni, tukakaa hapo mpaka watu wakaanza kusimuliana maisha yao. Nafika kwangu saa tatu kasoro usiku. Mwanangu amelala kwa jirani kwenye mkeka, bado na sare ya shule na soksi. Yule jirani hakusema neno, alinipa tu begi la mtoto. Kesho yake nikaanza kutafuta chumba Ihumwa. Nilikuwa nimebakiza kodi ya miezi mitatu, mwenye nyumba akanijibu hela ya kodi ikishaingia haina mlango wa kutokea.

Dereva Njia Kuu
Dada unatuonea. Naendesha njia hiyo, jioni gari zipo nyingi tu. Tatizo nyie maofisini mnatoka wote kwa mara moja, saa tisa na nusu mnamwagika kama shule imeachia, sasa mnataka kila mtu apate siti? Na hilo la mwembamba ni utani wa konda.

Mama Zabibu
Utani wakati nina kilo themanini? Na nimesema saa kumi na moja na nusu, soma.

Dereva Njia Kuu
Saa hizo hata sisi tunakula.

Fundi Ihumwa
Swali kwa mleta uzi. Ofisini kwenu hakuna basi la watumishi?

Baba Wawili
Lipo. Linaanzia Ilazo linapita Kisasa, Nzuguni, Ihumwa linaingia Mtumba. Chamwino haliendi.

Hesabu Kali
Subiri kwanza. Una basi la bure linalokuchukua karibu na mlangoni na kukurudisha, unataka ulikimbie ukagombanie Noah na Mama Zabibu? Ulipigia hesabu nauli kweli? Ongezeko la kodi ni laki moja tu.

Fundi Ihumwa
Jibu ni Ihumwa au Nzuguni, basi linapita na vyumba bei ya chini kuliko Ilazo. Ila kagua maji kabla ya kulipa. Usimuulize dalali, dalali kwake maji huwa yapo. Ingia jikoni kwa mpangaji mwenzako uangalie sufuria ya chai, ukikuta ukoko mweupe ndani ujue ni ya kisima na ni ya chumvi, ukikuta madumu ishirini yamepangwa ukutani ujue hata hayo ya chumvi hayaji kila siku.

Treni ya Jioni
Morogoro maji hayana chumvi.

Mgogo Halisi
Chumvi ya maji haijaua mtu, tumekunywa toka babu zetu na meno tunayo. Mnakuja na ofisi zenu, mnapandisha kodi nyie wenyewe, halafu mnalalamika vumbi, chumvi, upepo. Mwaka ujao mtalalamika zabibu zina mbegu.

Mama Zabibu
Hapo kwenye zabibu umenigusa. Zabibu za Chinangali ndo kitu pekee ninachokikumbuka Chamwino, natoka kazini Jumamosi nanunua ndoo.

Mtu wa Veyula
Za Hombolo hazijakufikia wewe.

Mama Zabibu
Hombolo wanachuma mapema, chachu.

Mgogo Halisi
Nani kakudanganya? Mimi nina shamba Hombolo, njoo msimu ukifika uonje ndo uandike.

Baba Wawili
Wakuu nimesoma yote, asanteni sana. Nimemsomea na mama watoto. Nilisahau kusema yeye ana meza ya vitenge pale soko la Majengo, sasa anasema akikaa Bahi anapanda gari moja tu mpaka mjini, na kuku atawaleta hapo hapo sokoni. Ihumwa amekataa, anasema uwanja uko wapi. Kwa hiyo bado tunaongea. Dalali wa Chamwino nimemblock.

Kiwanja Kwanza
Kiwanja mngekuwa mnafuga kwenu.

Hesabu Kali
Yaani meza ya mke nayo unaitaja leo.

Dereva Njia Kuu
Kuku Bahi muwe makini na kideri, shangazi yangu walibaki wawili kati ya arobaini. Chanjo kwanza.

Mama Zabibu
Kwani jogoo wa kienyeji Bahi sasa hivi wanauza bei gani? Nina shughuli Jumamosi nataka kama kumi.