Naomba ushauri: kulima lupini Molo kwa ajili ya chakula cha kuku

Ndugu wakulima, hamjambo. Nina shamba huko Molo, Kaunti ya Nakuru, ambako tumezoea kupokezana viazi, mahindi na njegere, na ambako udongo una asidi kiasi kwamba maharagwe hukua kwa shida. Bei ya soya na omena ya kuchanganya kwenye chakula cha kuku imenifanya nifikirie lupini, zao la jamii ya kunde ambalo mbegu zake huwa na protini ya takriban asilimia 30 hadi 40, na ambalo huvumilia baridi na udongo wa asidi, mradi maji yasituame.

Kinachonitatiza ni uchungu wa mbegu zake. Lupini za asili, kama zile zinazolimwa nyanda za juu za Ethiopia, zina alkaloidi, yaani kemikali chungu zenye sumu, hivyo hubidi zipikwe na kulowekwa kwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Kwa anayechota maji kisimani, hiyo si kazi ya mchezo. Zipo aina tamu, lakini kila nikiulizia kwenye maduka ya pembejeo, naulizwa kama nataka maua ya bustani.

Je, aliyewahi kupanda aina tamu alipata wapi mbegu zilizoidhinishwa? Alizipaka bakteria wa kusaidia mizizi kunasa nitrojeni, wale wanaofaa lupini, ambao si wale wa maharagwe? Na jirani akipanda zile chungu, nitenganishe mashamba kwa umbali gani ili nyuki wasilete chavua yake na kunirudishia uchungu kwenye mbegu za msimu ujao?